Nile iliyokuwa nyuma ya mlima

Sisi watu wa Gatumba, Burundi, tunakaa bondeni kabisa. Ukielekea mpakani, mbele yako una milima ya Uvira, nyuma yako milima ya Mumirwa inayopanda mpaka Bugarama, na katikati Rusizi inateremka ziwani. Mto huu tunaujua kuliko tunavyotaka. Mafuriko ya 2020 yaliwahamisha maelfu ya watu hapa, na kila msimu wa mvua tunatazama alama ya mafuriko ukutani kwanza, ndipo tunatazama mbingu. Hivyo huwa nacheka nikikumbuka kwamba kuna waliovuka bahari kuja kuuliza: je, Rusizi inaingia Ziwa Tanganyika au inatoka?

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke ndio waliotangulia. Aprili 1858 walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Mto ukitoka ziwani, walisema, huenda ndiyo Nile. Speke alikwisha kuambiwa hivyo na mfanyabiashara mmoja Mwarabu, Hamed bin Sulayyim, au ndivyo alivyoelewa, kwa maana hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alizungumza na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, kwa Kihindustani. Huko Uvira vijana wa chifu wakawaambia waziwazi: mto unaingia. Bombay naye akasema bwana wake alisikia vibaya, yule Mwarabu alisema unaingia. Wapiga makasia walikataa kusonga mbele kwa kuwaogopa watu wa Uzige, nchi iliyofuata, na safari ikaishia hapo. Jibu walikuwa nalo mkononi. Miaka michache baadaye Burton, akishindana na Speke, aliyedai Ziwa Viktoria ndilo chanzo cha Nile, aliligeuza tena kuwa swali.

Ndiyo sababu Novemba 1871 walikuja wawili wengine, Livingstone na Stanley, wiki chache tu baada ya kukutana Ujiji. Jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, lina majina yao na tarehe 25 Novemba, na wageni wengi huambiwa ndipo walipokutana. Sivyo. Mugere walilala tu. Huku kwenye delta walipokewa na chifu Ruhinga, kijiji cha Mugihewa, naye akawahesabia mito inayojaza Rusizi. Walipokwenda kwa mtumbwi mpaka mdomoni, maji yalikuwa yakiwasukuma kurudi ziwani. Basi, neno la vijana wa Uvira likapata muhuri.

Kinachonishangaza ni kile kilichokuwa nyuma yao. Ziwa liko mita 773 hivi juu ya bahari. Bugarama, kama kilomita 35 kwa barabara kutoka Bujumbura, inapita mita 2,000. Mvua inayonyesha upande wetu wa mgongo ule wa milima inakuja Tanganyika. Inayonyesha upande wa pili inashuka Ruvubu, inaingia Kagera, Ziwa Viktoria, kisha Nile mpaka Misri.

Mimi na rafiki yangu muuza ndagala tulipanda huko kwa miguu, kila mtu na mkoba, blanketi na unga wake. Waendesha baiskeli walikuwa wakishuka na mikungu ya ndizi iliyopita urefu wa mtu, kandambili ikiburuzwa lami kusaidia breki; wenzao waliopanda walikuwa wameng'ang'ania nyuma ya malori. Jioni mama mmoja alitukaribisha, akatupikia maharage, akatucheka tulivyojikunja kwa baridi. "Watu wa Gatumba," alisema, "mnaogopa baridi kuliko viboko!" Asubuhi rafiki yangu alimwaga maji ya kunawa upande wa mashariki, akayaaga kama mtu anayepeleka mtoto bweni.

Je, Livingstone na Stanley wangeweza kupanda huko? Miguu haikuwa shida. Juu huko palikuwa nchi ya mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala hadi 1908, na hakuwa mtu wa kufungua njia. Hata mfanyabiashara wa watumwa Muhammad bin Khalfan, maarufu kama Rumaliza, pamoja na bunduki zake, alizuiwa Uzige. Tena Livingstone moyo wake ulikuwa Lualaba, mto aliodhani huenda ndio Nile. Alifunga safari ya kuirudia, akafia njiani, Chitambo, Mei 1873 bila kujua kwamba maji yake yanakwenda Kongo.

Aliyeona upande wa pili ni Oscar Baumann, Septemba 1892. Yeye alikuja kwa kinyume, kutoka mashariki, na umati ulimpokea kwa ngoma ukidhani ni mwami wa kale aitwaye Mwezi, aliyerudi. Akatangaza kwamba chanzo cha Nile ni Ruvubu, kisha akashuka kwetu ziwani. Mwaka 1937 Mjerumani, Burkhart Waldecker, akakisogeza chanzo kusini zaidi, Rutovu, ambako piramidi ndogo ya mawe imesimama kilimani. Rafiki yangu anataka sasa twende huko kwa miguu. Nimemwambia basi la asubuhi lipo, na nauli nitalipa mimi.