Kiarabu kwa mfanyabiashara wa Rubavu anayehamia Dubai

Mfanyabiashara au wakala wa mizigo anayetoka Gisenyi kwenda kuishi Dubai hukuta madarasa ya Kiarabu ya aina tatu. Kabla ya kulipa ada, ajue tofauti zake.

Kiarabu cha madrasa: humfundisha mtu kusoma Kurani kwa matamshi sahihi. Peke yake hakimwezeshi kuzungumza wala kuelewa mkataba.

Kiarabu cha Ghuba: ni cha mazungumzo ya wenyeji. Kwenye maduka ya Deira, hata hivyo, Kiingereza, Kihindi na Kiurdu hutumika sana, kwa kuwa wakazi wengi wa Dubai ni wageni.

Kiarabu fasaha: ni cha barua, mikataba na sheria. Katika Mahakama za Dubai kesi huendeshwa kwa Kiarabu, na hati ya lugha nyingine hutakiwa kutafsiriwa na mtafsiri mwenye leseni. Mahakama za kituo cha fedha cha DIFC hutumia Kiingereza.

Kwa hiyo, anayetia saini karatasi aanze na fasaha: herufi 28, tarakimu, tarehe na maneno ya ankara.

Kiswahili kitamsaidia, maana sita, saba, tisa na ishirini zina asili ya Kiarabu. Lakini aangalie: "bei" imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuuza. Anayeuliza bei huko husema "bikam?"

Darasa halichukui nafasi ya mtafsiri. Mkataba usioeleweka usitiwe saini.