Kufuli: Istilahi Iliyopitia Relini

Mfasiri akutanapo na neno "kufuli" katika maandiko ya kompyuta, aghalabu humfikiria mwizi. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Akiandika kwamba "mtandao umefungwa", mtumishi wa ofisi ataelewa kuwa mawasiliano yamekatika, kumbe maana ni kwamba kazi moja imepewa zamu na nyingine zangoja.

Ili tuipate maana hiyo, yafaa tusimame katika stesheni ya Kimamba, wilayani Kilosa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, hupita hapo kwa njia moja. Treni itokayo Morogoro na ile itokayo Kilosa hazina budi kupishana stesheni; moja hungoja hadi nyingine ifike. Kinacholindwa si mali, bali ni kipande cha njia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa Uholanzi Edsger Dijkstra alilitwaa neno semafo, yaani mlingoti wa ishara za reli, akakiita kwalo chombo cha kupanga zamu ndani ya kompyuta.

Mfumo endeshi wa Linux ulipoanza kuendesha prosesa zaidi ya moja, katika toleo 2.0 la mwaka 1996, kiini chake, yaani programu ya ndani inayotawala mashine, kilikuwa na kufuli kuu moja. Prosesa moja ikiwa ndani ya kiini, nyingine zilingoja, mithili ya treni moja tu kuruhusiwa kati ya Dar es Salaam na Kigoma. Toleo 2.4 la mwaka 2001 liliwezesha prosesa kadhaa kushughulikia pakiti za mtandao kwa pamoja, chini ya makufuli madogo. Kufuli kuu liliondolewa mwaka 2011. Jingine, RTNL, lilindalo mipangilio ya mtandao, lilianza kugawanywa katika miaka ya 2020.

Kugawa kufuli ni sawa na kuongeza stesheni: vipande vikifupishwa, treni nyingi hupita. Lakini kazi mbili, kila moja ikishika kufuli linalongojwa na mwenzake, hazitasogea kamwe.

Kwa hiyo twapendekeza neno "kufuli" libaki, ila isemwe "kushika" na "kuachia" kufuli, wala si "kufunga" na "kufungua". Na hali hiyo ya kungojana iitwe "mkwamo". Hapo msomaji ataelewa kuwa mtandao haukufungwa, bali wapisha.