Kabla Mkate Pesa ya Hardship, Someni Hii Historia

Desemba iliyopita anti yangu alikuja kwetu Nairobi kutoka North Horr, kule Marsabit, ambako anafunza shule ya msingi. Tukiwa mezani nikamtania, "Anti, nyinyi watu wa hardship mko na doo." Hakucheka. Alitoa simu, akafungua payslip yake, akanipa. "Soma kila laini, mwanangu, halafu uniambie hiyo doo iko wapi."

Nikasoma. Marupurupu ya mazingira magumu yalikuwa hapo, sawa. Lakini PAYE ilikuwa imeyapitia kama mshahara mwingine wowote. Halafu akanieleza bei ya mtungi wa maji huko kwao. Maze, nilinyamaza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikichimba hii maneno, na nimegundua kitu: kodi ya wenye mishahara mikubwa na marupurupu ya watumishi wa umma walio mbali ni stori moja. Tuanze mwanzo.

Mwingereza alianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1901. Haikuuliza unapata pesa ngapi. Uko na nyumba ya nyasi? Lipa. 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili kijana asiye na nyumba naye asiponyoke. Sasa angalia upande ule mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilijaribu kutoza kodi ya mapato, yaani ile ya kuwagusa wenye pesa. Walowezi walipiga kelele, na 1922 ikaondolewa. Ilirudi 1937. Kwa hivyo maskini alikuwa amelipa kwa miaka 36 kabla ya kodi ya mapato kusimama. Ukisikia mtu akisema Wakenya hawapendi kulipa kodi, mkumbushe hapo.

Mishahara nayo? Baada ya Vita Vikuu vya Pili kulikuwa na kanuni ya tatu kwa tano. Mwafrika au Mhindi mwenye masomo sawa na Mzungu, kazi sawa, alilipwa tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu. Mwaka 1954 tume ya Lidbury ikapendekeza kanuni hiyo ifutwe. Poa, si ndio? Ngoja. Mshahara wa msingi ukawa mmoja, lakini aliyeajiriwa kutoka ng'ambo akaongezewa pesa juu ya kumvutia aje. Sababu? Ametoka mbali na kwao, maisha ni magumu huku.

Hebu soma hiyo tena. Serikali ilikubali kabisa kwamba ukimtuma mtu mbali, lazima umlipe zaidi. Wakati huo "mbali" ilikuwa Nairobi, na aliyelipwa alikuwa Mzungu. Leo "mbali" ni North Horr, na anayelipwa ni anti yangu. Wazo ni lile lile, lakini sasa ndiyo tunaambiwa ni mzigo kwa taifa.

Na North Horr ilikuwaje "mbali"? Si jangwa peke yake. Tangu 1902 wakoloni walikuwa na sheria ya kufunga wilaya za pembeni, na kaskazini ikafungwa. Huingii wala hutoki bila ruhusa. Uhuru ukaja, na 1965 serikali yetu wenyewe ikaandika Waraka wa Kikao Nambari 10. Ndani yake walisema pesa za maendeleo ziende mahali zitakapozaa haraka: penye mvua, ardhi nzuri, barabara na umeme tayari. Aliye navyo aongezewe. Asiye navyo angoje.

Amengoja. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika juzi tu, katika muongo uliopita. Na kuna mambo ambayo hata lami haitatui. Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilivamiwa na abiria 28 wakauawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakirudi nyumbani kwa likizo.

Kwa hivyo nikiangalia ile laini ya marupurupu kwenye payslip ya anti, sioni zawadi. Naona riba ya deni ambalo serikali haijalipa tangu 1965.

Sasa twende kwa kodi za leo. Katika miaka ya 1980 kiwango cha juu cha kodi ya mapato Kenya kilikuwa 65%. Kikashushwa polepole hadi 30%. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaongeza ngazi mbili: 32.5% kwa pesa za juu ya 500,000 kwa mwezi, na 35% kwa zinazozidi 800,000. Watu walilia sana mtandaoni kwa niaba ya matajiri. Lakini piga hesabu. Mtu wa milioni moja kwa mwezi aliongezewa takriban 17,500 tu, kwa sababu ngazi hizo zinakata kile kipande cha juu peke yake.

Noma iko chini. Kwa ngazi hizo hizo, kila shilingi inayozidi 32,333 inakatwa 30%, na kiwango hicho hakibadiliki mpaka ufike 500,000. Mwalimu wa elfu hamsini na bosi wa elfu mia nne tisini wako ngazi moja. Serikali ikimpa anti 10,000 ya mazingira magumu, karibu 3,000 zinarudi kwake kabla hata hajanunua maji.

Halafu 2025 serikali ikaeleza mpango wa kupanga upya maeneo ya hardship ili iokoe karibu bilioni 6 kwa mwaka. Vyama vya walimu vikakataa.

Nitakuwa fair. Orodha ikaguliwe. Kuna miji iliyokuwa pori zamani na leo ina lami, benki na chuo. Kulipa hardship hapo ni kupoteza pesa, na hata anti anakubali. Lakini eneo litoke kwenye orodha kwa sababu maji yamefika, barabara imefika na usalama upo, si kwa sababu bajeti imebana. Katiba ya 2010, kifungu cha 204, iliunda Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya serikali iende kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Pesa hizo zimechelewa miaka na miaka. Lipeni hiyo kwanza, ndio mje kuongea kuhusu payslip ya mwalimu.

Na kama mnatafuta pesa, anzeni kwa kusogeza hiyo 30% ianzie juu zaidi, na mpande polepole mpaka kwa wa milioni. Atakayelia zaidi ni yule yule aliyelia 1922.

Anti alirudi North Horr Januari. Wewe ungekubali kwenda kufunza huko? Kwa pesa ngapi? Niandikie hapo chini, na usidanganye.