Kukwangua

Mchoraji wa mandhari anayefanya kazi nje hafuti, anakwangua. Kufuta ni mambo ya chaki na ubao. Rangi ya mafuta hukaa mbichi siku kadhaa, kwa hiyo anga likimkatalia, huchukua kisu chembamba na kuikwangua kama ukoko wa chunguni. Haitoki yote. Kivuli chake hubaki kwenye nyuzi za turubai, na mara nyingi hicho ndicho ukungu aliokuwa akiuhangaikia tangu asubuhi. (Vocha nazo tulizikwangua ili kuona kilichofichwa, maana haiko mbali.)

Wengine husema “kurekebisha picha”. Sawa, ila kwangu neno hilo linanuka ofisi.

Mchoraji Claude Monet, kwa mfano, alianzia picha zake za malundo ya ngano shambani, karibu na kwake Giverny, Ufaransa, mwaka 1890 na 1891, kisha akazirudia ndani, rangi juu ya rangi. Kuna vitu havikwanguliki, hata hivyo: picha yake ya ufukwe wa Trouville ya 1870 bado ina chembe za mchanga zilizopeperushwa na upepo zikanasa rangini.