Mkono Upimao

Kabla ya rula na futi kuenea, mwanadamu alipima kwa mwili wake. Katika pwani yetu palikuwa na shibiri, dhiraa na pima. Dhiraa ikianzia kiwikoni hata ncha ya kidole cha kati. Kipimo hiki kilikuwa chepesi kuchukulika, lakini kilikuwa na ila moja: mnunuzi wa nguo alipimiwa haki yake kwa mkono wa mwingine, na mikono ya watu haikuumbwa sawa.

Ni ajabu, basi, kwamba viwanda vya zama zetu vimeurudia mkono. Katika miaka ya 1970 mhandisi Mmarekani, Homer Eaton, alibuni mkono wa chuma wenye viungo ili kupima mabomba yaliyopindwa, kazi ambayo rula haiiwezi. Mwaka 1981 Simon Raab na Greg Fraser waliunda kampuni ya FARO mjini Montreal, Kanada, nia yao ya kwanza ikiwa utabibu. Baadaye mikono yao iliingia viwandani.

Mkono huu una bega, kiwiko na kifundo mfano wa wetu. Mpimaji huushika akagusa kitu kwa ncha yake. Urefu wa mifupa yake unajulikana; kibadilikacho ni pembe za viungo, sita au saba kwa idadi. Ndani ya kila kiungo mna kisahani chenye mistari myembamba mno, isomwayo kwa mwanga, ili pembe ijulikane. Kompyuta huunganisha pembe na urefu, kwa mtindo wa hesabu uliotolewa na Jacques Denavit na Richard Hartenberg mwaka 1955, ikajua ncha iko mahali gani.

Hapo ndipo penye hatari. Kosa dogo begani huwa kubwa nchani: digrii moja, kwa mkono wa mita 2, husogeza ncha karibu milimita 35. Tena hapana fundi awezaye kufanya mikono miwili iliyo sawa kabisa. Kwa hiyo kila mkono, kabla ya kuaminiwa, hupimwa wenyewe: hugusishwa mahali pamoja pajulikanapo, mara nyingi, kwa mikao mbalimbali; ila zake zikaandikwa, zikasahihishwa katika kila hesabu.

Dhiraa ya kale haikupunja watu kwa kuwa ilikuwa mkono. Iliwapunja kwa kuwa ilipima wengine kabla ya kupimwa yenyewe; na ila hiyo si ya mikono peke yake.