Mlango wa Mtera: Nani Alimaliza Maji?

Ndugu mkulima wa Ufipa, ukisimama juu ya Lyamba lya Mfipa ukatazama bondeni, unaliona Ziwa Rukwa. Ziwa lile halina mto unaotoka. Mito huingia, mvua hunyesha, jua hunywa. Likishuka hakuna wa kumshitaki. Bwawa ni tofauti: lina mlango, na mlango una mtu wake. Hebu leo tukumbuke habari ya Mtera.

Mtera iko mbali nasi, mpakani mwa Dodoma na Iringa, kwenye Mto Ruaha Mkuu. Ukuta wake ulikamilika mwaka 1980. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhifadhi maji ya mvua, ili kiangazi yateremshwe hadi Kidatu, ambako umeme ulianza kuzalishwa mwaka 1975. Yaani Mtera ni ghala, Kidatu ni mashine ya kusaga.

Mwaka 1992, na tena 1994, maji yalipungua mno Mtera, umeme ukawa wa mgao. Lawama zikapanda mto mpaka Usangu: eti wakulima wa mpunga na wafugaji wamemaliza maji. Mwenye jembe hachelewi kushitakiwa.

Basi watafiti wakaliigiza bwawa kwenye kompyuta. Hesabu yake ni kama ya ghala lako la mahindi: yaliyokuwemo, ongeza yaliyoingia, toa yaliyotoka, toa yaliyopotea kwa jua. Jibu lilingane na kina cha maji bwawani. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kati ya 1991 na 1994 hesabu haikulingana. Kuna maji yaliyotoka Mtera bila maelezo. Na tena, mito kama Lukosi huingia Ruaha chini ya Mtera. Ikijaa hiyo, Kidatu hushiba yenyewe, na ghala la juu lingeweza kufungwa.

Tusiwatetee wakulima kupita kiasi. Maji waliyochepusha kiangazi yalichangia Ruaha kukauka hifadhini tangu mwaka 1993. Lakini Mtera hujazwa na mafuriko ya mvua, si vijito vya Septemba.

Nawe mwenye lambo la kijiji, simika mti wenye alama ndani ya maji. Kila Jumatatu andika kina, na kila mlango ukifunguliwa andika nani kafungua, na kwa saa ngapi. Maji yakiisha kabla ya mvua za Novemba, mkutano uanze kwa kufungua daftari hilo.