Njahi Mnaicheka, Lakini Ilikuwa Fatalaiza Yetu

Wasee, hii vita ya njahi mtandaoni haiishi. Wengine wanasema ni chakula cha matanga, wengine ati ni adhabu ya bweni. Sawa, chekeni. Lakini mimi kama mtu wa Nyeri nina kesi ya kutetea, na ushahidi wangu uko chini ya udongo.

Tuanze na jina. Huku kwetu mvua ndefu, ile ya Machi hadi Mei, Wakikuyu huiita mbura ya njahi. Ile ya vuli ni mbura ya mwere, yaani ya mawele. Fikiria, msimu mzima umepewa jina la mmea! Na mama akijifungua alipikiwa njahi arudishe nguvu. Hiki hakikuwa chakula cha pembeni.

Sasa ng'oa njahi polepole ucheki mizizi. Utaona vinundu vidogo. Pasua kimoja: kikiwa chekundu ndani, jua kiko kazini. Mle ndani wanaishi bakteria wanaoitwa raizobia. Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia vile ilivyo. Hao bakteria ndio huigeuza iwe chakula cha mmea, na mmea huwapa sukari. Ni wapangaji wanaolipa kodi bila kusukumwa.

Wanasayansi wa Ulaya walikuja kulielewa jambo hili juzi tu. Mwaka wa 1886 Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walionyesha kwamba jamii ya kunde hupata naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa vinundu. Mwaka wa 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafaulu kuwatenga bakteria wenyewe. Shosho zetu hawakuwa na darubini, lakini njahi ilikuwa tayari shambani, imechanganywa na mimea mingine.

Kisha mkoloni akaingia. Serikali yake ilitaka mazao ya kuuza nje, ikasukuma maharagwe kama Canadian Wonder. Njahi haikuwa na mnunuzi huko ng'ambo. Mwaka wa 1954 ukaja Mpango wa Swynnerton: vipande vya mashamba vikaunganishwa, Nyeri ikiwa mstari wa mbele, na kahawa ikapewa nafasi ya heshima. Fatalaiza ya dukani nayo ikazidi kuzoeleka.

Hapa ndipo inauma. Kati ya jamii ya kunde, maharagwe ya kawaida yanajulikana kuwa mavivu kwa kazi ya naitrojeni. Yaani tulimfuta fundi hodari, tukaandika mwanagenzi, halafu tukaanza kununua kile tulichokuwa tunapata bure. Na ukimwaga naitrojeni nyingi, mmea unapunguza vinundu. Mwenye ploti akishashiba, wapangaji wa nini? Tena fatalaiza kama DAP, ikirudiwa miaka na mikaka, huongeza asidi kwenye udongo, na raizobia wengi hawaipendi.

Sisemi fatalaiza ni shetani. Mahindi na majani chai hayana vinundu, lazima yalishwe. Ninachosema ni kwamba tuliacha maarifa kwa sababu tu hayakuwa na soko London. Na bado kuna njia ya kurudi: miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutengeneza Biofix, pakiti ya raizobia hai unaochanganya na mbegu kabla ya kupanda. Chukua ya zao lako tu, maana raizobia wa soya si lazima waelewane na maharagwe.

Wengi wetu huku mlimani tutarithi robo ekari, na bei ya gunia la fatalaiza haituonei huruma. Kwa hivyo ukipita soko la Karatina uone zile mbegu nyeusi zenye mstari mweupe, zicheke ukipenda. Lakini nunua kilo mbili: moja ya sufuria, moja ya shamba.